Nyuki wa Mama Nyambura na Mkono Niliokataa

Ukiwa umevaa glavu za maabara, usimsalimie mtu kwa mkono. Nimeanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi vijana wa maabara: mnasoma mistari miwili halafu mnarudi kwenye simu. Ukiishia hapo, umeshapata sehemu kubwa ya kile nilichokuwa nalipwa kukijua. Ukiendelea, utasikia jinsi nilivyoifuata sheria hiyo bila kosa pale Longonot, na yaliyompata Mama Nyambura kwa sababu niliifuata.

Mimi ni fundi wa maabara mstaafu. Sikuwa daktari, ingawa watu waliniita Daktari kwa ajili ya koti jeupe. Mwanzoni nilikuwa nakataa, kisha nikachoka kukataa. Nusu ya kwanza ya kazi yangu niliangalia damu ya ng'ombe hapa Nakuru, na nusu ya pili nikaangalia vichwa vya nyuki. Mke wangu alipoambiwa nimehamishiwa kwa nyuki aliuliza kama ni adhabu. Nilimjibu kwamba hata mimi ningependa kujua.

Aliyenifundisha kazi ya nyuki ni Daktari Chebet, yeye akiwa daktari wa kweli wa kusomea, na mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Aliniita Mzee, nami nikamwita Madam, na heshima ikaenda pande zote mbili bila mtu kuumia. Miezi ya kwanza kila sampuli niliyoitoa iliharibika. Tulipoipiga picha kwenye mashine, mahali palipotakiwa kuwa na mistari safi palikuwa na ukungu tu. Tulibadilisha dawa, tukabadilisha maji, tukalaumu umeme. Siku moja Madam akavuta kiti, akakaa nyuma yangu, akaniangalia nikifanya kazi.

"Mzee," akasema, "unapuliza nini?"

Nilikuwa napuliza vichupa. Kwenye damu ya ng'ombe, ukishapaka tone kwenye kioo, unakipulizia kidogo kikauke upesi. Nilikuwa nimepulizia vioo kwa miaka mingi hata mdomo ulikuwa umejiajiri wenyewe. Kwa ng'ombe haikuwa shida. Kwa RNA ilikuwa ni sawa na kuitemea mate.

Hapo itabidi niwaeleze kidogo, lakini sitawachosha. Kila seli ya nyuki ina DNA, ambayo ni maagizo yote ya kuwa nyuki. Maagizo hayo hukaa mahali pake, na kinachotoka kwenda kazini ni nakala, yaani RNA, inayosema leo tengeneza hiki, leo tengeneza kile. Sasa kuna RNA nyingine fupi sana, vipande tu, ambavyo havitengenezi chochote. Kazi yake ni kukamata zile nakala ndefu na kuzinyamazisha. Ni kama shosho, yaani bibi mzee, katika boma. Halimi tena, hapiki, lakini akisema mbuzi huyo asichinjwe, hachinjwi.

Nyuki mfanyakazi huanza maisha akiwa mlezi, analisha watoto ndani ya mzinga. Akikomaa anatoka kwenda kutafuta maua. DNA yake ni ile ile ya jana. Miongoni mwa vitu vinavyobadilika kichwani mwake ni hizo RNA ndogo: nyingine zinaongezeka, nyingine zinapungua, na kazi inabadilika nazo. Chebet aliwahi kuondoa walezi wote katika mzinga mmoja ili aone itakuwaje. Wale wakubwa waliokuwa wanakwenda kwenye maua walirudi ndani kulea watoto, na RNA ndogo za vichwani mwao zikaanza kufanana tena na za walezi. Niliona ni jambo la ajabu sana. Kisha nikastaafu, binti yangu akaniletea wajukuu wawili Jumatatu asubuhi, na tangu hapo sioni ajabu.

Kazi ya pili ya vipande hivyo ni ulinzi. Virusi wengi wa nyuki ni RNA. Wanapoingia kwenye seli na kuanza kuzaana, nyuki mwenye nguvu anawakata vipande vipande, kisha anaweka vile vipande na kuvitumia kuwatambua wenzao. Mbwa akibaki na kipande cha suruali ya mwizi mdomoni, kesho anamjua mwizi kwa harufu. Na kuna dalili kwamba ulinzi huo hauishii kwa nyuki mmoja, kwamba walezi wanaweza kuupitisha kwa watoto ndani ya ile rojo nyeupe wanayowalisha. Kwa hiyo ukihesabu vipande vya virusi katika nyuki wa mzinga, unaweza kukisia kama mzinga huo unapigana au umelala.

Shida ni kwamba RNA inakufa upesi kuliko maziwa juani, na anayeiua ni sisi. Mikono yetu, jasho letu, mate yetu, vyote vina kitu kinachoikata. Ndiyo maana nawaambia: badilisha glavu ukigusa mlango. Badilisha ukigusa nywele. Simu ikilia, iache ilie, mwenye shida ya kweli atapiga tena. Ukiwa shambani, nyuki aingie kwenye barafu kavu akiwa bado anashangaa. Walezi watoe juu ya sega lenye watoto, na wa maua wadake mlangoni wakiwa na chavua miguuni. Andika kwenye kichupa kabla ya kutia nyuki, kwa sababu baada ya hapo utakuwa unakimbia.

Na usile ndizi kabla ya kwenda mzingani. Hili halimo kwenye vitabu vyenu vya maabara. Nyuki akiuma, anatoa harufu ya kuwaita wenzake waje wasaidie, na harufu hiyo inafanana kabisa na ndizi mbivu. Mimi nilinunua ndizi Gilgil, nikala tatu njiani, nikafika mzingani nikinukia tangazo la vita. Mkono ulivimba hadi glavu ikakatwa kwa makasi. Chebet aliandika katika taarifa ya safari kwamba fundi alipata usumbufu mdogo.

Basi, Longonot. Mama Nyambura alikuwa amefanya kazi ya kukata maua kwenye mashamba makubwa ya huko Kamere mpaka mgongo ukakataa, akarudi kwenye kishamba chake chini ya mlima na kuanza kufuga nyuki. Alikuwa na mizinga sita kati ya vichaka vya leleshwa. Aliniambia siku ya kwanza kwamba hicho ndicho kilimo pekee kisichomwinamisha. Alikuwa katika kikundi cha wafugaji nyuki cha hapo, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Gathogo, mtu mpole, mwenye kofia, aliyepoteza mdogo wake ile miaka ya korona. Ndugu huyo alizikwa haraka na watu waliovaa nguo nyeupe, na familia ikasimama mbali. Mambo haya sikuyajua wakati ule. Nilipaswa kuuliza.

Mama Nyambura ndiye aliyetuita. Mbele ya mzinga wake mmoja, ule uliokuwa karibu na njia, nyuki walikuwa wanatambaa chini na mabawa yaliyojikunja kama karatasi ya peremende. Hawakuweza kuruka. Kila aliyepita njiani aliwaona, na majirani walikuwa wameanza kuzungumza. Asubuhi tuliyofika tulianza kwa mizinga ya Mwenyekiti ili tupate ya kulinganisha. Yeye hakuwepo, mkewe ndiye aliyetuonyesha. Kisha tukaenda kwa Mama Nyambura.

Nilikuwa nimevaa ovaroli nyeupe, wavu usoni na glavu mpya, nimeinama juu ya mzinga wa njiani huku kichupa kikiwa wazi. Mwenyekiti akaja kutukaribisha, kama mwenyeji anavyopaswa. Watu kadhaa walikuwa nyuma yake. Akatembea hadi pale nilipo, bila hofu ya nyuki, akanyoosha mkono.

"Karibuni sana. Habari ya Nakuru?"

Nikauangalia ule mkono. "Nzuri, mzee. Lakini samahani, siwezi kukushika mkono."

Mkono ulikaa hewani kidogo, kisha akauweka mfukoni. Akasema sawa, hakuna shida, akageuka na kuondoka.

Sasa, kila mmoja wetu anajua la kufanya mkono ukiwa mchafu. Unakunja ngumi, unatoa kifundo cha mkono, mwenzako anakishika, mnacheka, maisha yanaendelea. Mwanamke akiwa anakanda unga hufanya hivyo, fundi wa gari akiwa na grisi hufanya hivyo. Mimi sikutoa kifundo. Nilikuwa nafikiria kichupa. Nikafunika, nikaweka kwenye barafu, nikaenda kwa mzinga wa pili nikiwa nimejiridhisha kabisa.

Siku chache baadaye simu ikalia maabara. Niliiacha ilie. Ikalia tena, kwa hiyo nikavua glavu.

"Daktari," akasema Mama Nyambura, "ulimfanyia nini Mwenyekiti?"

"Sikumfanyia kitu."

"Hiyo ndiyo shida. Hukumfanyia kitu. Alikupatia mkono ukakataa. Sasa huku wanasema hii ugonjwa ya nyuki inashika watu, kwa sababu gani ingine Daktari wa Nakuru aogope mkono? Mtoto wa jirani amekohoa, ati ni nyuki zangu. Asali yangu hakuna mtu anataka, hata ya bure. Jumamosi group wanakuja kuchoma mizinga. Si moja, Daktari. Zote."

Nikamwambia tutakuja.

"Mkuje," akasema. "Sababu mimi nikirudi kukata maua, nitainama na mgongo ya nani?"

Nilikaa pale na simu mkononi. Niliona haya, na hasa niliogopa, maana mizinga sita ilikuwa ni maisha ya mtu na nilikuwa nimeiweka karibu na moto kwa adabu ya kitaalamu. Nilimweleza Chebet. Hakunilaumu, kwa sababu sheria ilikuwa yake. Tukafanya kipimo cha haraka, kile cha kujua tu kama virusi wapo au hawapo. Kipimo cha pili, cha kusoma RNA ndogo zenyewe, kilikuwa cha kutuma mbali na kusubiri kwa wiki kadhaa.

Jumamosi tulikwenda bila koti na bila glavu. Watu wa kikundi walikuwa wameketi nje kwa Mama Nyambura, na mtungi wa petroli ulikuwa kando ya mlango kama mgeni aliyefika mapema. Nilimpa mkono kila mtu, mmoja mmoja, hata mtoto aliyekohoa. Nikafika kwa Mwenyekiti. Akauangalia mkono wangu.

"Leo umekuja na mkono?"

"Nimekuja na yote miwili, mzee. Naomba unisamehe. Siku ile sikuogopa ugonjwa wako. Niliogopa kuwapa nyuki uchafu wangu."

Akafikiri. "Yaani mimi ndiye ningewaambukiza?"

"Mimi na wewe."

Hilo liliwachekesha wengine, na yeye akanishika mkono, si kwa nguvu. Mama Nyambura akaleta sahani ya asali, nikachovya kidole na kulamba mbele ya wote. Chebet akaeleza kwamba virusi hawa ni wa nyuki tu, na kwamba hubebwa na utitiri, wadudu wadogo wekundu wanaowang'ang'ania mgongoni na tumboni. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, kwamba virusi tumewapata katika mizinga yote tuliyopima, ikiwemo ya Mwenyekiti.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Kwa hivyo tuchome zote? Na za Chair pia?"

Kila mtu akamwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti akagundua papo hapo kwamba moto si jambo la kukimbiliwa. Alisema tusikilize wataalamu. Alisema haraka haraka haina baraka. Nilidhani tumemaliza.

"Lakini," akasema mama mmoja, "petroli imenunuliwa."

Msicheke. Nimekaa kwenye mikutano mingi, ya wakulima na ya maprofesa, na nimeona mambo yakiamuliwa kwa sababu petroli imenunuliwa. Watu walikuwa wametoka nyumbani wakiwa na hofu, na walihitaji kurudi wakiwa wamefanya kitu. Wakaanza kusema basi uchomwe mmoja tu, ule wa njiani, ambao ugonjwa wake kila mtu ameuona kwa macho. Chebet aliwaomba wasubiri majibu ya kipimo cha pili.

"Lini?" akauliza Mwenyekiti.

"Wiki kadhaa."

"Madam, mimi nilimzika ndugu yangu tukiambiwa tusubiri majibu."

Mama Nyambura akasimama, akapangusa mikono kwenye leso. "Chomeni hiyo moja," akasema, "mniachie tano. Lakini nitawasha mwenyewe. Ni yangu."

Walingoja jioni, nyuki wote wawe wamerudi ndani. Nilimsaidia kuziba mlango wa mzinga kwa udongo. Hata mimi, niseme ukweli, niliona ni bei nafuu. Ule ndio uliokuwa na wagonjwa wengi chini, nami niliamini macho yangu kama wengine. Akamwaga petroli, akawasha, akarudi nyuma. Sauti ya mzinga unaoungua sitawaeleza. Chebet alikwenda kukaa ndani ya gari.

Majibu yalikuja kwenye barua pepe, kama yanavyokuja kwenu siku hizi, safu ndefu za herufi ambazo kompyuta inazitafuna usiku kucha. Chebet akaniita. Sampuli za Longonot zilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kutoa katika maisha yangu ya kazi. Hakuna mkono uliozigusa. Akanionyesha mzinga mmoja baada ya mwingine. Mitano ya Mama Nyambura na ile ya Mwenyekiti ilikuwa na virusi wengi na vipande vichache. Mzinga wa njiani ulikuwa kinyume. Virusi walikuwa wachache, na vipande vilivyokatwa kutokana nao vilikuwa vimejaa, kwa walezi na kwa wale wa maua pia.

"Ulikuwa unapigana," nikasema.

"Tena vizuri." Akaelekeza kidole kwenye kompyuta. "Wale waliokuwa chini, Mzee, walikuwa wanatolewa nje. Wenzao waliwatambua na kuwatoa. Mizinga mingine inakaa nao ndani, ndiyo maana haionekani kuwa na wagonjwa."

Kisha akaongeza, kwa sababu ni mwanasayansi mwaminifu, kwamba mzinga mmoja si ushahidi, na kwamba huenda kuna maelezo mengine. Angetaka kuurudia uchunguzi kwenye mzinga ule ule. Tukatazamana.

Alisema si lazima Mama Nyambura aambiwe, itamsaidia nini. Mimi niliona lazima. Nilikwenda peke yangu. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote, hata ile habari ya kuwatoa wagonjwa nje. Hakulia. Aliendelea kuchambua kwa muda, akitupa mabovu upande.

"Kwa hivyo tulichoma ile poa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliwasha."

"Ndiyo, mama. Pole. Pole sana."

"Chair anajua?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Akaacha maharagwe. "Basi usimwambie."

Nikamuuliza kwa nini, maana nilikuwa nimepanga kwenda huko moja kwa moja kutoka pale, na nilikuwa na hasira ya kutosha ya kunifikisha.

"Atasikia aibu," akasema. "Mtu akisikia aibu kwa sababu yako, huyo si jirani tena. Nyuki naweza kukosa, Daktari, jirani siwezi. Mimi naishi hapa."

Sikumwambia. Niliendelea kwenda Longonot mpaka nilipostaafu, na kila nilipofika Mzee Gathogo alinipa mkono na kuniuliza habari za Nakuru. Mizinga mitano ya Mama Nyambura ilibaki mitatu, na mitatu hiyo ndiyo inayomlisha, ingawa si kama zamani. Mwenyekiti alipenda kuwasimulia wageni jinsi kikundi kilivyouzima ugonjwa mapema kabla haujasambaa. Mama Nyambura akiwepo, alikuwa anamwongezea chai.

Mzee Gathogo amefariki, ndiyo sababu naweza kuyaandika haya, na hata hivyo majina nimeyabadilisha. Nilikwenda kumzika. Tulikuwa wengi, na safari hii familia ilisimama karibu na kaburi. Kijana wake akasoma wasifu wa marehemu: alikozaliwa, alikofanya kazi, kanisa alilojenga. Akafika mahali pameandikwa kwamba baba yao ndiye aliyeokoa nyuki wa Longonot. Mchungaji akaomba tumshukuru Mungu kwa hilo.

Mama Nyambura alikuwa kando yangu. Alisema amina kwa sauti kamili, kama watu wengine wote. Mimi nilifungua mdomo nikajaribu, na ikabidi nijaribu mara ya pili.